Bampa la Gari la Harusi

Miaka ile viwanda vya umma vilipokuwa vikiuzwa na vingine kufungwa, nami nilipunguzwa kazini. Nilirudi nyumbani Tegeta na ujuzi mmoja tu, kutengeneza vitu vya faiba. Kiwandani tulikuwa tukitengeneza matangi ya maji na boti ndogo. Unatandika mkeka wa nyuzi za kioo ndani ya kalibu, unaupaka gundi iliyochanganywa na dawa ya kukausha, unatandika mwingine juu yake, na ukishakauka unabandua kitu kigumu lakini chepesi.

Mume wangu alikuwa fundi wa bodi za magari, mwenye banda lake kando ya barabara ya Bagamoyo. Imani yake ilikuwa bati. Nilipomwambia tuanze kutengeneza mabampa ya faiba, alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Hiyo ni boti, mke wangu. Gari linatembea juu ya mawe."

Sikubishana naye. Wakati huo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kumiminika, na kila mwenye nalo alitaka lake lisifanane na la jirani. Huyu anataka spoila nyuma, yule anataka bampa la kushuka karibu na ardhi. Nilijua mteja wangu yuko njiani.

Alikuwa mwanamke, mfanyabiashara wa vitenge aliyekaa Bunju. Alikuwa na gari jeupe alilokuwa akilikodisha kwa harusi, nalo bampa lake la mbele lilikuwa limevunjika. Alikuwa ameshanunua jingine la plastiki, jipya. Nililibonyeza kwa kidole gumba likaingia ndani kama kopo la maji, na matundu yake ya skrubu hayakulingana na gari.

"Basi nitengenezee la bati," akamwambia mume wangu.

"Dada," nikasema, "bati hapa pwani litaliwa na kutu, na uzito wake utaining'iniza pua ya gari. Nipe mie kazi hiyo."

Alinitazama, akamtazama mume wangu, akanipa.

La kwanza lilitoka zuri sana kwa macho. Hata wiki haikuisha, akarudi nalo limepasuka kwenye matundu ya skrubu, ufa umekimbia mpaka katikati. Hakupiga kelele. Alilionyesha tu kwa kidole, kisha akasema ana harusi Jumamosi ya wiki inayofuata, bibi harusi anachukuliwa Madale, kule kwenye mlima na mashimo.

Alipoliacha gari na kuondoka, mume wangu akachukua kopo la puti. "Tuzibe, tupige rangi. Nani ataona?"

"Barabara ya Madale itaona."

Nilichukua msumeno nikalikata lile bampa vipande. Nilitaka kuliona tumbo lake. Ndani mlikuwa na mapovu, na nyuzi nyeupe kavu ambazo gundi haikuzifikia. Ile gundi niliyouziwa ilikuwa imekaa dukani mpaka ikazeeka, nzito kama uji uliolala, haikuweza kuingia kwenye mkeka. Na mkeka wenyewe ulikuwa mwembamba. Nililia kidogo kwa hasira, nikafunga kanga vizuri, nikaenda mjini.

Kwenye maduka ya vifaa ya mtaa wa Gerezani nilizunguka toka asubuhi. Kila duka nilimwambia mwuzaji afungue kopo kwanza. Wengine walinitukana. Mmoja akasema kama sinunui nisimharibie siku. Mwishowe, karibu na feri, nikapata duka la vifaa vya boti. Gundi yao ilimiminika kama asali mpya, na mkeka ulijaa mkononi.

"Mama, hii ya boti, siyo ya magari," mwuzaji akanionya.

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

Safari hii sikuharakisha. Kwa joto la Dar, dawa ya kukausha ikizidi gundi inachemka na kazi inatoka ngumu lakini ya kupasuka kama biskuti, kwa hiyo niliitia kidogo na kufanya kazi asubuhi kabla jua halijawa kali. Nilizungushia banda shuka zilizoloweshwa maji, maana malori ya saruji kutoka kiwanda cha Wazo yalikuwa yakipita na vumbi lake halibishi hodi. Kila tabaka nililisukuma kwa brashi mpaka povu la mwisho likatoka. Mikono iliniwasha hadi begani.

Siku ya pili mume wangu alisimama nyuma yangu akitazama. Kisha akasema, "Tatizo lako liko kwenye skrubu. Faiba haitaki kubanwa na chuma moja kwa moja." Akakata vipande vya bati nene, akanikabidhi nivizike ndani ya faiba pale skrubu zinapopita, na kila tundu akaliwekea mpira wa tyubu kuukuu. Bampa lilipokauka, tuliliweka juu ya matofali mawili, akapanda juu yake na uzito wake wote. Likapinda kidogo, likarudi.

"Haya," akasema. Tukalipaka rangi, tukalifunga garini.

Jumamosi yule dada alifika na dereva wake kulichukua gari. Akalikagua, akanifungulia mlango wa mbele. "Utapanda wewe. Likikatika, uliokote mwenyewe."

Nilivaa kama mwalikwa, nikapanda. Mvua ilikuwa imenyesha na mlima wa Madale ulikuwa umechimbika. Karibu na nyumba ya bibi harusi gurudumu likaingia mtaroni, pua ya gari ikagonga ukingo wa udongo kwa kishindo. Dereva akafumba macho. Niliteremka na viatu vyangu vya harusi nikapiga magoti kwenye tope, nikapapasa kila pembe. Rangi ilikuwa imekwaruzika chini. Ufa haukuwapo. Wanaume wakalisukuma gari, ndugu wa bibi harusi wakapiga vigelegele, na mie nikawajibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatatu yule dada alikuja tena, uso umekunjuka. Sasa alitaka sketi za pembeni, zile pindo za faiba za ubavuni mwa gari, za kushuka mpaka chini kabisa.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Gari la kupanda Madale halivai sketi. Zitang'oka zote, na utanilaumu kwa haki."

Alimgeukia mume wangu, labda akitegemea huruma.

"Fundi ni huyo," mume wangu akasema, akaendelea kunyoosha bati lake.