Mzigo Uliotangulia kwa Meli

Nilirudi nyumbani kwa sababu mama aliacha kuniuliza nitarudi lini. Miaka yote niliyokaa London aliniuliza kila tulipoongea kwenye simu. Halafu siku moja akauliza hali ya hewa tu, kama mtu anavyomuuliza mgeni. Nikaona nikichelewa tena nitakuwa mgeni kweli.

Mtakaotaka kujua nilichuma nini huko, jibu ni fupi. Niliacha shule darasa la sita kwa kutaka kuona barabara ya Lushoto inaishia wapi, na hamu hiyo haikupoa. London niliosha vyombo, nikasafisha ofisi, nikabeba makochi ya watu wanaohama. Siku za mapumziko nilipanda basi lolote lililotangulia kufika, nikakaa ghorofa ya juu ya basi, mbele kabisa, hadi mwisho wa njia, nione watu wa huko wanaanika wapi nguo zao. Wenzangu walijenga nyumbani. Mimi nilijua mabasi.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda Croydon, kusini mwa London, kumuaga Mama Neema, muuguzi, mtu wa kwetu Lushoto. Desturi yetu huko ni kwamba anayerudi huaga, na anayeagwa hupewa vifurushi vya kufikisha. Nilimkuta anakaanga maandazi. Binti yake, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alinisogezea kiti.

"Wenzio wanarudi na kontena," Mama Neema akasema. "Wewe mzigo wako uko wapi?"

Nilikuwa na andazi mdomoni. Macho yangu yalikuwa kwenye picha iliyotundikwa juu ya televisheni: nyumba yake mpya ya Lushoto, bati jekundu, vioo madirishani.

"Umetangulia kwa meli," nikasema.

"Heh! Hoza huyu huyu? Na sisi tulikuwa tunakusema, huyu kazi yake kuzurura! Umetia nini humo?"

"Vitu vya nyumba tu. Friji. Makochi." Makochi niliyajua vizuri, nimeyapandisha ngazi nyingi.

"Basi begi lako lina nafasi!"

Akaingia chumbani, akatoka na viatu, mashuka, na dawa za kuchua magoti, vyote vya dada yake Eliwaza, ambaye ni jirani wa mama yangu. Ningekataa kwa sababu gani?

Jumapili nilikwenda Queensbury, upande wa pili wa jiji, kwa Bi Nirmala. Nilimfahamu siku nilipombebea kabati lake, akanisikia nikiguna kwa Kiswahili. Ni Mhindi aliyezaliwa Korogwe, na Kiswahili chake bado ni cha huko. Alikuwa amerudi muda si mrefu kutoka hekalu la Wahindu la Neasden.

"Weye Msambaa, unakwenda kweli, au unazunguka tu urudi?"

"Nakwenda, Bi. Hata mzigo umeshatangulia."

Mara ya pili uwongo ulinitoka kwa urahisi. Nikaongeza na televisheni. Bi Nirmala alifurahi kama mama mzazi, akanipa sufuria la presha, zito kama jiwe, la shoga yake wa Korogwe. "Utalitua tu njiani," akasema.

Jumatatu nilifunga begi. Baraka, Mkongo wa Bukavu tuliyeshiriki naye chumba, aliniazima mizani. Begi lilizidi uzito unaoruhusiwa kwenye ndege. Vya watu sikuweza kuvitoa, kwa hiyo nikatoa kitu pekee nilichokuwa nimemnunulia mama: blanketi zito la sufu. Lushoto kuna baridi, hasa mwezi wa saba.

Baraka alilipokea, akalirudisha juu ya begi. "Ndugu, hii si ya mama? Mimi nitajifunika nayo aje?"

"Jifunike tu."

"Toa sufuria."

"Sufuria ni la watu."

Akalikunja blanketi upya. "Na mama si watu?"

Nilifunga zipu, blanketi likabaki kwake. Ndege, Dar es Salaam, Korogwe, nikatua sufuria. Kutoka Mombo gari lilipanda kona baada ya kona, ukungu ukitujia dirishani. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani njia iwe ndefu.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alinishika mkono kabla sijatua begi, akanipeleka chumbani kwake. Chumba kilikuwa kitupu, kimepigwa chokaa, mlangoni kufuli jipya.

"Eliwaza alipigiwa simu na dada yake," akasema. "Friji itakaa pale, karibu na dirisha. Makochi utayapanga mwenyewe. Kufuli ni kwa ajili ya wezi."

"Na kitanda chako?"

"Kiko jikoni. Kuna joto la moto, mwanangu, nalala vizuri."

Nilikwenda jikoni. Kitanda kilibanwa kati ya kuni na gunia la maharage. Juu yake palikuwa na kanga mbili na sweta langu la shule.

"Mama, hakuna meli."

"Imezama?"

"Haikuwapo."

Akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. "Hata makochi?"

"Hata makochi."

"Mh. Na chokaa nimepiga."

Asubuhi Eliwaza alifuata viatu vyake. Alivijaribu, akasifu, kisha akauliza meli imefika wapi. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu, macho yake kwenye ungo wa maharage: "Imekwama bandarini. Si unajua mambo ya bandari."

Huyu ndiye mama aliyenichapa utotoni kwa kusema nimenawa mikono ilhali sijanawa.

"Hakuna meli, mama mdogo," nikasema. "Sikutuma kitu. Mwambie na dada yako."

Eliwaza akamtazama mama. Mama akaendelea kupepeta. "Sasa mimi ndiye mwongo," akasema, "mbele ya jirani yangu."

Eliwaza akaweka viatu chini. Tulirudisha kitanda chumbani, Eliwaza akishika upande wa miguu.

Nilidhani neno nililolisema Croydon lingebaki Croydon. Lilifika kabla yangu, likamtoa mama chumbani kwake. Hilo ndilo nililojifunza katika safari zangu zote, na nimelijifunza nyumbani. Njiani watu bado huniuliza kama meli imefika, na kila mmoja namjibu kwamba haikuwapo. Kufuli mama hajaling'oa. Anasema liko pale nilione.