Zamu ya Alhamisi

Tulikuwa wanne. Mimi, niliyekuwa nikisugua ngazi na korido katika jengo moja la ofisi mjini. Jirani yangu wa Jericho, mama wa chai katika ofisi nyingine, tuliyeimba naye kwaya moja. Binti wa dobi, yaani aliyefanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, mke wa kijana wa kwetu magharibi. Chumba chake na changu vilitazamana, na mimi aliniita Mama. Wa nne alikuwa mzee wa Ukambani, mchongaji, mwenye kibanda upande wa Kariokor. Huyu hakuwa ndugu wa mtu yeyote kati yetu, ila alikaa benchi moja nasi miaka mingi mpaka tukamhesabu wetu. Majina yao yote ninayo, hata ya baba zao. Siyaandiki kwa sababu wana watoto na wajukuu wanaosoma.

Miaka hiyo ya tisini tulirudi nyumbani kwa treni ya jioni. Iliondoka mjini saa kumi na moja, sisi tukashuka Makadara tukatembea mpaka Jericho, na yenyewe ikaendelea hadi Embakasi. Behewa la tatu, benchi la karibu na mlango. Ukikaa tu, usingizi unakushika shingoni. Miguu inawaka moto, mikono inanuka sabuni, na ile treni inakubembeleza kama mtoto mgonjwa. Tulikuwa tumepitishwa Makadara mara nyingi, basi tukapanga zamu. Mmoja anakaa macho, wengine wanalala, na tukifika anawaamsha. Jumatatu mimi, Jumanne jirani, Jumatano binti, Alhamisi mzee. Ijumaa hakuna aliyelala, Ijumaa ilikuwa na maneno yake.

Mwenye zamu alipewa kipande cha tangawizi atafune. Mzee ndiye aliyeleta tangawizi, imefungwa kwa karatasi ndani ya koti, akaikata kwa kisu chake cha kazi.

Sasa Jumatatu moja nilikuwa na homa. Nikamwambia mzee kwa sauti ndogo, "Mzee, leo sitaweza. Nishikie."

Akasema, "Lala, mama. Alhamisi utanirudishia."

Wale wengine wawili walikuwa wamekwisha kulala. Hawakusikia.

Wiki hiyo hiyo binti alikuwa na jambo. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, na yule msichana aliyemtunza mchana alikuwa ameolewa. Mama mkwe akaja kutoka kwao kumchukua mtoto akakae naye. Wangeondoka Alhamisi na lori alilofanyia kazi shemeji yake, saa kumi na mbili jioni, pale sokoni Jericho. Lori la watu, dereva hangoji mtu. Binti aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Akahesabu, akaona treni itamfikisha Makadara mapema kidogo, akikimbia atamkuta mtoto, amvalishe sweta, ambebe mara moja, amuage. Sweta aliifuma humo humo ndani ya treni, ya manjano, kwa sababu kwao asubuhi kuna baridi.

Alhamisi aliifunga fundo la mwisho kabla hatujaondoka mjini. Akaikunja, akaitia ndani ya kanga, akauliza, "Nani ana macho leo? Haki leo msinipitishe. Leo mnaweza kunipitisha kila mahali, lakini si Makadara."

Jirani akamcheka. "Lala wewe! Tangu asubuhi unapiga miayo kama kiboko. Leo Alhamisi, macho ni ya mzee."

Mzee alikata tangawizi yake. Alinipa kipande kiganjani, akavuta kofia usoni. Binti akalaza kichwa begani kwangu.

Mimi siku hiyo lifti ilikuwa imeharibika, na kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja kesho yake. Nilisugua ngazi za ghorofa saba, nikashuka, msimamizi akasema rudia. Nilitafuna ile tangawizi. Nilijifinya paja. Nikaanza kuhesabu nguzo za umeme dirishani. Nakumbuka nguzo kama tisa hivi.

Tuliamshwa na mtu wa kufagia mabehewa, anagonga benchi kwa mti wa ufagio. "Akina mama! Hapa ndio mwisho. Ama mmehamia Embakasi?"

Binti alitazama nje, akaona yale maghorofa mapya ya mtaa wa Pipeline yanajengwa. Hakulia. Alisimama na ile kanga kifuani, akamgeukia mzee.

"Mzee, nilisema. Si nilisema?"

Jirani naye akaanza. "Wewe mzee una moyo gani? Siku zote unalala, lakini leo? Leo hii? Alhamisi ni ya nani?"

Mzee alinitazama. Mara moja tu, halafu akavua kofia. "Alhamisi ni yangu," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Ile tangawizi ilikuwa bado shavuni mwangu. Nikaimeza.

Tulifika Jericho karibu saa moja. Sokoni palikuwa na alama za magurudumu na maganda ya ndizi ambazo mtoto alikuwa akila, ndivyo mwenye duka alivyotuambia. Alisema mtoto alikataa kupanda, akamwita mama yake, wakampandisha.

Binti hakupokea tena salamu ya mzee. Wiki iliyofuata mzee alihamia behewa la mbele. Nilimfuata huko jioni moja, nikamwambia nitasema ukweli. Alikuwa anakata tangawizi yake peke yake.

"Utasema ili iweje?" akaniuliza. "Mimi Desemba narudi nyumbani, nimechoka na mji huu. Wewe mlango wako unatazamana na wake. Akikukosa wewe, atalala begani kwa nani?"

Nikaona ni maneno mazuri. Nilikuwa nimechoka pia, na maneno yale yaliniruhusu kwenda kukaa. Mzee akaenda kwao, sikumwona tena. Mtoto alirudishwa baada ya miaka mitatu, amekuwa mrefu, na siku za kwanza alimwita mama yake shangazi. Sweta aliivaa mdogo wake.

Binti yuko hai. Haya ataonyeshwa na watoto wake, ndiyo maana nimeandika, mimi niliyeishia darasa la nne. Mwanangu, macho yalikuwa yangu siku ile. Mzee alinishikia mara mbili.

Mengine nimeandika kama ninavyoyakumbuka, na kichwa kimezeeka. Kama sweta ilikuwa ya kijani, kama behewa lilikuwa la nne, kama lori liliondoka mapema kuliko nilivyosema, nisahihisheni. Na kama kuna aliyekuwa karibu na benchi lile, anayekumbuka kwamba zamu haikuwa yangu, naye aje aniambie. Nitamsikiliza mpaka amalize.