Mirdza na Wimbo wa Kuliaga Jua

Mirdza amepeleka barua hapa kijijini kwetu Upmale kwa miaka thelathini na moja, kwanza kwa baiskeli, siku hizi kwa kigari ambacho mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kamba. Anamjua mbwa wa kila nyumba kwa jina. Ukiugua siku mbili, yeye ndiye wa kwanza kugundua, maana gazeti la jana litakuwa bado sandukuni. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu nitakayowasimulia yanahusu wivu wake, na msikilizaji asiyemfahamu anaweza kudhani hana kingine moyoni.

Wivu huo aliubeba mwenyewe kwenye mkoba wa posta. Wifi yake, Skaidra, dada wa mumewe Vilnis, alikwenda Ayalandi kukata uyoga shambani miaka ile vijana wetu walipokuwa wakiondoka kwa mabasi mazima. Kila mwezi aliandika barua. Mirdza aliutambua mwandiko ule tangu posta, akaubeba kilomita kumi na nne, akamkabidhi mama mkwe wake, Austra. Bi Austra alifuta mikono, akakaa dirishani, akaisoma barua mara tatu. Supu aliyopikiwa na Mirdza ilipoa mezani.

“Skaidra anasema huko mvua haikatiki,” alisema bibi kwa huruma.

Na Mirdza alikuwa amesimama palepale, koti lake likichuruzika mvua ya hapahapa kwetu. Alikwenda kuipasha supu moto.

Sasa, Bi Austra ndiye aliyekuwa mwanzishi wetu. Jioni ya Ligo, sikukuu yetu ya kiangazi, siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa sita, tunapanda kilimani kuliaga jua la siku ndefu kupita zote. Wimbo wa kuliaga una watu wa aina tatu. Kuna mwanzishi, anayetoa mstari peke yake. Kuna mpokezi, anayeudaka mstari huo kabla pumzi ya mwanzishi haijakatika, akaurudisha. Na kuna sisi wengine, tunaovuta sauti moja chini yao kama nyuki, bila kuikatisha. Mwanzishi ndiye anayejua kipi kifuate kipi, na ndiye anayeamua wimbo uishe lini. Bi Austra alianzisha kwa miaka arobaini. Alipokosa mpokezi kwa sababu binti yake yuko ng’ambo, alimpanga Mirdza.

Kisha akapooza upande mmoja. Miaka mitatu Mirdza alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani usiku, na asubuhi akaenda kazini. Barua ziliendelea kuja, na sasa ilibidi Mirdza azisome kwa sauti. Alizisoma mara tatu. Bibi alipofariki mwezi wa pili, kwenye theluji, Skaidra alitua na ndege siku ileile ya mazishi, amevaa koti zuri la kijani, na kanisa zima likamkimbilia kumkumbatia. Kiangazi kilichofuata Mirdza akaanza kuanzisha. Ameanzisha mara sita. Ni kitu pekee kijijini ambacho watu humgeukia yeye na kungoja.

Mwaka huu, barafu ilipoyeyuka mtoni, Skaidra alirudi moja kwa moja. Akashika chumba cha juu, chumba cha mama yake. Ndani ya mwezi mmoja mlango wa jikoni haukufungwa kwa wageni. Watu ambao Mirdza huwapelekea pensheni na hawamkaribishi hata chai walikuja na keki kumwona Skaidra. Na wote walikuwa na ombi moja: aimbe hata kidogo, walisema, huenda sasa ukubwani amechukua sauti ya marehemu. Skaidra alicheka, akawaambia sauti yake imeota ukungu kule kwenye uyoga.

Wiki moja kabla ya Ligo, Zenta, anayepanga mambo ya sikukuu, alimsimamisha Mirdza barabarani. Alizunguka sana. Alianza na hali ya hewa, akapita kwenye bia ya shayiri, akamsifu Mirdza kwa mambo yote anayoyafanya, mpaka Mirdza akazima injini.

“Sema tu, Zenta. Nina barua za watu humu.”

“Mwenzangu, nilikuwa nawaza. Mwaka huu wewe si upumzike? Tumwachie Skaidra aanzishe. Ni binti wa marehemu, unajua tena.”

“Najua,” alisema Mirdza. “Mimi nilikuwa nani, mbwa wa marehemu?”

Akawasha gari, akaondoka bila kumpa Zenta gazeti lake. Halijawahi kutokea.

Nyumbani alimweleza Vilnis, akitarajia mume atakuwa upande wake. Vilnis ni mtu mwema, lakini ana tabia ya kupenda kila mtu kwa wakati mmoja. Alisema kwani tabu iko wapi, wanaweza kupokezana, mwaka huu huyu, mwaka kesho yule. Mirdza aliendelea kumenya viazi. Alimenya vya kuwatosha watu ishirini.

Siku yenyewe ilipofika, tulikusanyika kwao tangu mchana. Wanaume walikata matawi ya mwaloni, wanawake tukasuka mataji ya maua. Mirdza alikuwa ameamka alfajiri kupika jibini ya Ligo, ile ya duara kama jua, yenye mbegu za kisibiti. Lita ishirini za maziwa. Wakati wa kukoroga, Skaidra alimpokea mwiko kwa muda tu, ili Mirdza atoke nje kuchukua kuni. Tulipoionja, Vilnis alifumba macho, akasema, “Hii sasa ni ya mama. Skaidra, mkono wako.” Watu wakaitikia. Skaidra akasema hapana jamani, mimi nimekoroga tu, lakini kila alivyokana ndivyo walivyoona ana unyenyekevu. Nilikuwa karibu na Mirdza. Alikuwa akisuka taji, na shina la ua likakatika mkononi mwake, na lingine, na lingine.

Saa tatu na nusu hivi usiku, jua bado liko juu ya msitu kwa kuwa kiangazi kwetu huchelewa kuzama, tukapanda kilima. Njiani na pale juu ndipo tunapochambana kwa nyimbo. Huo ni utani wa Ligo, na hauachi mtu. Unamwimbia mwenzako mistari minne ya kumcheka, naye lazima ajibu kabla kiitikio hakijaisha, na kukasirika ni aibu. Lakini una mpaka wake, na hakuna aliyewahi kuuandika kwa sababu kila mmoja anaujua: mtu huchekwa kwa jambo analoweza kulirekebisha kesho. Shamba lisilopaliliwa. Uzio ulioanguka. Ubahili wa jibini. Arvids, jirani yetu mwenye tumbo, aliimbiwa kwamba karoti zake na magugu wamefunga ndoa na wanangoja mtoto. Akajibu kwamba afadhali yeye ana arusi shambani, Zenta kwake hata magugu yamehama. Tulicheka mpaka mataji yakaanguka.

Wakamchamba Skaidra kidogo, kwamba anasema “asante” kwa Kiingereza hata kwa ng’ombe. Akajibu vizuri. Watu wakampigia makofi marefu mno. Hapo Mirdza akasogea mbele. Tulinyamaza tukitabasamu, maana ulimi wake kwenye utani ni mkali na tunaupenda. Akaimba, akimtazama wifi yake:

*Ndege karuka ng’amboni,*
*mama yake kitandani.*
*Leo mama kaburini,*
*ndege, waimba ya nini?*

Sisi wavutaji tulianza kiitikio, ligo, ligo, kwa mazoea tu, halafu sauti zikafa moja moja tulipoelewa tulichoimbiwa. Skaidra hakujibu. Kiitikio kiliisha na hakujibu. Arvids alijaribu kusema jambo kuhusu bia, hakuna aliyemsikia. Vilnis alimtazama mkewe kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nadhani Mirdza alijua kwamba amevuka mpaka neno lilipokuwa bado hewani. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amelitunga kwa wiki nzima, garini, akilipunguza na kulinoa, na kila alipolirudia lilimpa raha. Pale kilimani lilipotoka, raha yenyewe hakuiona.

Na hapakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu wakati wa kimya ulikuwa umefika. Jua linapobaki kimo cha ngumi juu ya misonobari, tunageuka wote kulikabili, kila mtu ameshika taji kavu la mwaka jana. Wanaume wanavua kofia. Hakuna anayeongea. Unautazama mwanga mpaka machozi yatoke, unaupitia mwaka wako, uliyemkosea, uliyempoteza, unachotaka kiungue. Kesho jua linaanza safari ya kurudi chini, kwa hiyo leo ndio siku ya kulishukuru likiwa kileleni. Kisha wimbo, kisha mataji makavu yanatupwa kwenye kuni na moto unawashwa. Mpangilio huo haubadiliki.

Kwa hiyo tulisimama, watu thelathini na kitu, na yale maneno katikati yetu. Nimesimama kwenye kimya hicho tangu utotoni na sijawahi kukiona kirefu vile. Mirdza alikuwa ameshika taji lake kavu kwa mikono miwili, na majani ya mwaloni yalikuwa yakimeguka yenyewe na kuanguka kwenye viatu vyake.

Ukingo wa jua ukagusa miti. Ndipo mwanzishi anapotakiwa kuanza, na hakuna aliyeanza. Zenta alimtazama Skaidra. Watu wote wakamtazama Skaidra. Yeye akatoka mahali pake, akapita mbele yetu, akaenda kusimama begani kwa Mirdza, upande wa kushoto, upande wa mpokezi.

“Anza, wifi,” alisema chini chini. “Jua halitusubiri.”

“Wanakutaka wewe,” alisema Mirdza bila kugeuka.

“Mimi mwanzo siujui.”

“Acha hizo. Wewe ni mwanawe.”

“Nilimwomba anifundishe kabla sijaondoka. Akaniambia mwanzishi ni wa kubaki. Halafu akakufundisha wewe, akaniandikia barua nzima juu yake, jinsi unavyoshika haraka.” Akasogea karibu zaidi. “Unadhani hilo halikuniuma? Na hayo uliyoyaimba nimeyaimba mwenyewe kule kila asubuhi, nikiwa na kisu cha uyoga mkononi. Nichukie kesho. Sasa hivi anza.”

Ningependa kuwaambia kwamba wivu ulimtoka Mirdza pale pale. Haukumtoka. Alitaka kupewa ile nafasi na kijiji, kwa haki yake, na sasa anapewa na mtu yuleyule ambaye yeye Mirdza ametoka kumchoma mbele za watu. Alikuwa na uso wa mtu anayelipwa kwa fedha aliyoidondosha mwenyewe. Lakini jua lilikuwa limezama robo, na yeye si mtu wa kuchelewesha kitu cha watu. Akavuta pumzi.

*Jua lashuka mwituni,* aliimba, sauti yake kavu, ya barabarani, *ligo, ligo.*

Na Skaidra akaudaka.

Jamani, sijui niwaelezeje. Ilikuwa ni Bi Austra. Haikuwa kufanana, ilikuwa sauti yenyewe, na ule mlio wake wa juu, na namna ya kuliachia neno la mwisho kama mtu anayeweka kikombe mezani. Zenta alijifunika uso kwa taji. Vilnis alilia waziwazi, mdomo wazi, huku akivuta sauti. Sote tulilia. Wala hatukumlilia Mirdza, na yeye alilijua hilo. Alikuwa mbele, amepewa alichokitaka, na kilima kizima kikamlilia mwanamke wa pembeni yake.

*Limechoka kuzunguka,* aliimba Mirdza. Sauti ile ikarudi. *Limetupa nusu mwaka.* Ikarudi tena. Nikaona mabega yake yameanza kutikisika. Miaka mitatu alimwogesha yule bibi, na kwa muda mrefu wa miaka hiyo bibi hakuweza kutamka hata jina lake. Sasa kila alichotoa kilikuwa kinajibiwa kwa sauti hiyohiyo, karibu na sikio lake, kana kwamba hatimaye mtu ameinua macho kutoka kwenye barua.

Wimbo ule una beti tisa. Tulizimaliza, na jua lilikuwa limebaki uzi mwekundu. Arvids alishika mwenge tayari kuwasha kuni. Mirdza hakushusha mkono, ishara ya mwanzishi ya kumaliza. Aliongeza ubeti wa kumi, ambao hatukuwahi kuusikia, kuhusu njia ya kinu na daraja anayopita na barua. Akaongeza mwingine kuhusu theluji ya mwezi wa pili. Alizitunga palepale, na Skaidra akaudaka kila mmoja. Jua lilikuwa limekwisha zama. Arvids alihamisha mwenge mkono wa pili, akahema, akamnong’oneza Vilnis kwamba mkewe atatukeshesha hapa.

“Mwache,” alisema Vilnis.

Hata sasa wawili hao hawajapatana vizuri. Wanagombania jiko, na juzi tu Mirdza alisema mbele yangu kwamba wifi yake anakunja taulo kama mgeni wa hoteli. Lakini jioni ile sisi tuliosimama nyuma yake tulimwelewa. Angenyamaza yeye, na ile sauti ingenyamaza. Kwa hiyo alifuta uso kwa mkono wa koti, akavuta pumzi, akaanza tena.