Barua ya Kuomba Mabati

Kamati ya shule yetu pale Bugene ilikuwa na wazee wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuomba kitu bila kwanza kuonyesha kwamba hakihitaji. Mimi nilikuwa nimetoka juzi tu shule ya serikali huko pwani, nina cheti, na nilifundisha watoto ndani ya banda la kahawa la mwenyekiti, mfanyabiashara wa nguo. Mavuno yakifika angelitaka banda lake. Tusipopata mabati ya kuezekea jengo letu, shule ingekufa, nami ningerudi Ihembe kupalilia migomba ya baba, cheti mfukoni.

Pwani kulikuwa na chama cha ihsani kilichogawa mabati kwa shule. Nilikiandikia barua mara sita nikazichana zote. Moja niliiona ya kiburi, nyingine ya kujidhalilisha, nyingine sikumbuki hata kosa lake. Ya saba nikaandika hali ilivyo: kuta zimesimama, paa hakuna, mvua ziko njiani. Nikaisomea kamati.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Kijana, umetuvua nguo."

"Mzee, lakini ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo! Binamu zangu wamo katika chama hicho. Waseme nimekuja bara kuwa fukara?"

Mzazi mmoja kutoka kijiji cha Kamuli, aliyezikandika kuta zile kwa mikono yake, akasema taratibu, "Waitu, mzee wetu, lakini paa hatuna."

"Na wewe je? Tuandike pia kwamba umekuja peku?"

Wakacheka. Nami nikacheka, mwoga mkubwa.

Basi mwenyekiti akanitajia maneno yake, nikaandika. Sisi hapa wazima wa afya, hatuna upungufu ila wa kutoonana nanyi. Ndizi tele, kahawa imezaa, shule ina banda pana lisilovuja. Mabati yalipata mstari mmoja, chini kabisa, baada ya salamu za wake na watoto: kama mnayo yasiyo na kazi, si vibaya. Niliinakili kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Wamefurahi mno kwa hali zetu njema. Mabati wamewapa wenye shida. Na kwa kuwa Mungu ametujalia, wangeshukuru tukiwakumbuka kwa buni kidogo.

Nilidhani mzee ataona haya. Akakaa wima. "Mmesikia? Wanajua sisi ni nani!" Papo hapo akaahidi mizigo kumi, buni ya kwanza kuchumwa.

Mizigo hiyo ilihitaji mahali pa kuwekwa. Tukatolewa bandani mapema kuliko nilivyoogopa, watoto wakarudi makwao, na kamati ikanipa kazi moja ya mwisho: barua ya kusindikiza zawadi. Niliiandikia gotini, nimeketi ndani ya zile kuta zisizo na paa, manyunyu yakinidondokea karatasini. Nikaanza: sisi hapa wazima wa afya, hatuna upungufu.