Aliyemfundisha Padri Kisukuma

Hivi nikuulize, huyo padri, Kisukuma alifundishwa na nani? Maana hapa kwetu Kishapu shule ina jina lake, zahanati ina jina lake, na sasa stendi mpya nayo wanataka iitwe yeye. Shuleni wameandika ukutani, "Aliyetunza lugha yetu." Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenisomea. Nikacheka, halafu nikakasirika.

Alifundishwa na mama yangu! Nilikuwa mtoto, nimeona kwa macho haya. Mama anachambua pamba uani, padri amekaa kwenye kigoda, magoti yamefika masikioni. Siku ya kwanza alikuja jua linazama, eti, "Mwangaluka!" Salamu ya asubuhi hiyo! Mama akamwambia, "Baba, ulilala wapi wewe mpaka ndiyo kwanza kunakucha?" Tulicheka, weee!

Sina ubaya naye. Alitoka Ailandi, huko Ulaya, akatuambia kwao nako wana lugha yao ya nyumbani, na bibi yake alichapwa shuleni kwa kuisema. Basi kila jioni yuko kwa mama. Hadithi, vitendawili, methali. Mama anasema, yeye anaandika.

Juzi kwenye mkutano nikasimama, nikasema stendi iitwe jina la mama. Mwenyekiti, mtoto niliyembeba mgongoni huyu, akanijibu, "Bibi, wazo zuri, ila mama yako hakusoma."

"Na padri naye, Kisukuma alikisomea wapi? Ailandi?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini kupiga kura, mikono yote kwa padri! Hata ya wale waliokula ugali wa mama.

Nilirudi nyumbani. Mama yangu hana hata kichochoro! Na sisi wenyewe je? Zamani jina la marehemu anapewa mtoto, ukiliita linaitika. Siku hizi watoto wangu wanaokota majina redioni.

Mjukuu wangu, yule aliyenisomea ukuta, alikuwa amekuja kwangu kusubiri kujifungua. Akanishika mkono.

"Bibi, huyu akiwa wa kike, anachukua jina la mama yako."

"Na akiwa wa kiume?"

"Nazaa mwingine! Na nitamwandikisha shule ile ile ya padri. Mwalimu amwite kila asubuhi, darasa zima lisikie."