Bi Azza na Mgeni Aliyepokewa Vizuri Mno

Saa moja asubuhi, Ijumaa ya Agosti 24, 1934. Azza binti Mbaruk amepiga magoti kwenye kiwanja kitupu kando ya nyumba yake, Kariakoo, anamfunga mtoto kamba kiunoni. Ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mtoto ana miaka miwili, hana habari, anatafuna kipande cha muwa. Huyo ni wa tatu, na kila akimaliza mmoja Azza anatupa jicho barabarani.

Leo anatazamia mgeni, na mgeni hakutaja saa. 

Kwa miaka minne mjane huyu wa miaka arobaini na mmoja amekuwa akishinda na watoto wa wanawake wanaouza sokoni: wa mchicha, wa vitumbua, wa samaki wa kukaanga. Wako ishirini na sita. Mama mwenye nacho hutoa senti tano kwa siku. Asiye nacho huleta fungu la mboga, na siku nyingine huleta mtoto tu.

Wakubwa hucheza. Wadogo wenye mbio hufungwa, maana kiwanja hakina ua, na malori na mikokoteni hupita hatua kumi tu kutoka hapo.

“Wapita njia wananiona kama nimefunga mbuzi,” anasema. “Naona haya, sikufichi. Lakini mbuzi akikanyagwa, unanunua mwingine.”

Mwezi Mei mkokoteni ulimvunja mguu mtoto mmoja. Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, akaja, akatazama, akatoa amri: ifikapo mwisho wa Agosti pawe na ua na choo, la sivyo pafungwe. Fundi alitaka shilingi tisini. Azza alikwenda bomani, akaambiwa hakuna fungu la kazi hiyo. Alibisha hodi kwa matajiri wawili, akatoka na pole.

Marcelino, karani anayewaandikia watu barua kwa mashine barazani, ndiye aliyemtajia mfuko wa hisani wa wafanyabiashara, chini ya Mansukhlal, muuza vitambaa. Waliandika. Jibu likaja upesi: Bwana Rajnikant, karani wa mfuko, atafika Jumatano kujionea.

Hapo ndipo walipojiharibia wenyewe. Mgeni keshasema anakuja, nani atampokea na matambara? Akina mama waliwatolea watoto nguo za Idi. Theopista, muuza mchicha, alimvika mwanawe shati la Krismasi. Jamvi liliazimwa, maandazi yakaletwa na chai ya maziwa. Kamba zikasukumwa uvunguni, na wanawake sita wakaacha biashara zao ili kuwashika watoto mikono. Azza mwenyewe alichoma udi.

Rajnikant alikunywa chai, akasifu, akaandika. Siku tatu baadaye barua ikaja: mahali ni pazuri, watoto wamevaa vyema, walezi ni wengi, na mfuko unao wenye shida zaidi.

“Nilicheka,” anasema Azza. “Kisha nikalia mpaka kichwa kikaniuma.”

Alitaka kuandika tena na kusema kweli. Marcelino alisita. “Bi Azza, ukimwambia mtu kwamba ulimdanganya, hilo la pili atalisadiki vipi? Na habari ya kamba ikimfikia Bwana Afya, anafunga leo leo.”

Theopista alikasirika zaidi. “Unataka kutuvua nguo mbele ya watu,” alimwambia. “Dhiki ninayo, lakini ni yangu.”

Jana Azza aliacha barua, akaenda mwenyewe dukani kwa Mansukhlal. Alisimama katikati ya wanunuzi wa kaniki mpaka Rajnikant alipomwita.

“Nikamwambia, Bwana, ninawafunga watoto wa watu kamba, na siku ile tulizificha.  Akaniuliza, ‘Sasa mimi niamini lipi?’ Nikamwambia, ‘Njoo kesho, usiniambie saa.’ Hakuahidi kitu. Kamati ya mfuko inakaa Jumapili.”

Fedha zikipatikana, anataka ua wa makuti wenye nguzo za mikoko na lango la komeo, choo cha shimo, na bembea mbili. Bembea, anakiri, si lazima. “Lakini mtoto aliyefungwa mwaka mzima, na yeye arushwe juu kidogo.”

Saa mbili kasoro Theopista anafika na kikapu kichwani, mwanawe mkononi. Mtoto ameoga, amepakwa mafuta, na amevaa lile shati la Krismasi. Azza analitazama.

“Mvue, mwenzangu.”

“Yule akija atamwona na kile kigunia?”

“Atamwona nacho. Ndicho anachovaa kila siku.”

Theopista anatua kikapu. Kisha anachutama, anamfungua mwanawe vifungo kimoja kimoja, anamvalisha kigunia cha sukari kilichotobolewa shingo. Shati analikunja, analitia chini ya mchicha. Anaiokota kamba, anamfunga mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na kwenda zake sokoni bila kugeuka.

“Akitukataa leo,” anasema Azza, macho yakiwa barabarani, “atakuwa ametukataa sisi.”