Jirani Tuliyemwombea Aondoke

Jumamosi jioni, ninapofungua kopo la cirage kung'arisha viatu vya wanangu vya misa, harufu yake hunirudisha Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya mbao, miguuni pa Papa, baba yangu. Ni harufu kali, ya mafuta na moshi kidogo. Wanangu huziba pua. Mimi huivuta mpaka ndani, nao hucheka wakidhani mama yao ana wazimu wa viatu.

Papa alikuwa na jozi moja tu ya viatu vyeusi. Kila Jumamosi aliketi kwenye kibao chake, akapaka, akavipulizia pumzi, akasugua kwa kitambaa cha shati kuukuu mpaka vikameta. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali iliyokuwa imeacha kumlipa tangu kabla sijajua kusoma, lakini alitembea na viatu vile kwa maringo ya mtu aliyelipwa jana. Alituambia kwamba mtu anayekwenda kwa Mungu na vumbi miguuni amekwenda kutembea tu.

Nasi kwa Mungu tulikwenda kweli. Papa ndiye aliyeongoza shirika letu, yaani zile familia za mtaa zinazokutana kusali nyumba kwa nyumba, na mara nyingi nyumba ilikuwa yetu. Kwetu uongo ulikatazwa, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba umeshiba. Matusi yalikatazwa, muziki wa dunia ulikatazwa, na kupiga mluzi pia, ingawa dhambi ya mluzi sikupata kuelezwa. Mimi nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, nikawa mtakatifu wa kuchosha watu. Mdogo wangu akichukua andazi la pili nilimwonyesha mbingu kwa kidole.

Shida yetu ilikuwa jirani. Ukuta kwa ukuta nasi palikuwa na kilabu cha Bahati, mtu mnene mwenye kicheko kirefu, aliyeuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yeye na mkewe, Maman Neema. Muziki ulianza kabla jua halijatua. Tulipofika katikati ya rozari, tulisikia vizuri zaidi gitaa za Kinshasa kuliko Salamu Maria. Asubuhi Bahati alisimama mlangoni kwake na kumwamkia Papa kwa sauti ya juu: "Papa wa maombi, unisemee kule juu!" Papa hakumjibu hata siku moja. Alipita ameshika kofia, amekunja uso.

Ndipo Papa akaanza kuongeza ombi moja mwisho wa sala za shirika. Aliomba Mungu aiondoe ile nyumba ya ulevi, na mwenye nyumba pamoja nayo, akamtaja Bahati kwa jina. Sote tuliitikia kwamba Bwana atusikie. Niliitikia kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu Bahati alikuwa ameniita sista mdogo mbele ya wasichana wenzangu.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo, waasi wakiwa wameushika mji. Watu wa Bukavu walikuwa wamejifunza mambo mengi wasiyoyataka: kujua mlio wa bunduki ya karibu na ya mbali, kufunga duka mapema, kupanda kwenye plafo. Plafo ni dari. Yetu ilikuwa na kitundu juu ya meza ya chakula, kimefunikwa kwa kipande cha mbao, na kila mwanamume wa mtaa alijua kitundu chake kiko wapi.

Asubuhi moja ya mvua, Maman, mama yetu, akichambua maharagwe na Papa akijiandaa kwenda ofisini, tulisikia magari yakisimama kwa Bahati, kisha vyombo vikivunjika. Mara mlango wetu wa nyuma ukafunguka, Bahati akaingia jikoni, ana ndala moja tu mguuni. Askari walikuwa wanamtafuta kwa madai kwamba anapeleka chumvi na dawa kwa wapiganaji wa msituni. Kama ilikuwa kweli, mpaka leo sijui. Tulijua tu kwamba waliochukuliwa kwa jambo hilo hawakurudi.

Maman alimtazama Papa. Papa alimtazama Bahati. Nakumbuka Papa alikawia. Nakumbuka kwa sababu Maman alikuwa ameshika konzi ya maharagwe, nayo yakaanza kumdondoka moja moja kati ya vidole, na hakuna aliyesogea. Kisha Papa alisukuma kiti juu ya meza, akamshika Bahati kiuno, akamsukuma juu.

Askari walipoingia, kiti kilikuwa mahali pake na Papa amekikalia, anafunga kamba za viatu. Waligeuza magodoro, wakachungulia chini ya kitanda. Mkubwa wao aliona msalaba ukutani na Biblia kubwa kwenye rafu. Akaichukua, akaiweka juu ya meza, chini kabisa ya kile kitundu.

"Wanasema weye uko mutu wa Mungu," akamwambia Papa. "Basi lapa. Weka mukono hapa, ulape kama hamuna mutu mwengine mu hii nyumba."

Papa akaweka mkono. "Nalapa mbele ya Mungu," akaapa, "hamuna mutu mwengine."

Kilichoniogopesha ni sauti yake. Haikutetemeka. Ilikuwa sauti ileile ya kubariki chakula. Mkubwa yule alimtazama kidogo, akatema mate kando ya mlango, wakaondoka.

Bahati alishuka mvua ilipokatika, nywele zimejaa utando wa buibui. Alipiga magoti akataka kumshika Papa miguu, Papa akarudi nyuma kama aliyeguswa na moto. Hakutaka kushukuriwa. Alimvalisha koti lake la misa ili asitambulike, akampeleka kwa njia ya bondeni, na baadaye tukasikia kwamba Bahati alipita Walungu, akafika Luhwindja kuchimba dhahabu.

Jumapili iliyofuata Papa alivaa viatu vyake, bila koti. Wakati wa komunyo alisimama, akatupisha sote kwenye benchi, kisha akakaa tena. Maman aligeuka mara mbili kumtazama, akaendelea na mstari. Jumapili nyingine ikawa vilevile. Akaacha uongozi wa shirika, akawa anakaa nyuma karibu na mlango, na ilipofika zamu yake ya kuomba alisema tu, "Pita kwa mwengine."

Mimi nilijua sababu, au nilidhani najua. Katika mafundisho tulikuwa tumekariri kwamba kuapa uongo kwa jina la Mungu ni dhambi ya mauti, na anayekufa nayo bila kuungama anakwenda moto wa milele. Na Bukavu ya wakati ule watu walikufa wakienda kununua mkate. Kila asubuhi Papa alipoteremka kwenda ofisini, roho yangu ilikuwa juu juu mpaka jioni. Sikuogopa sana risasi yenyewe. Niliogopa mahali ambapo ingempeleka. Nilifunga kula, nikasali rozari zangu zote kwa ajili yake, nikamtilia maji ya baraka katika chai. Alikunywa, akasema chai ya leo ina ladha ya kopo.

Watu nao hawakukosa la kusema. Wengine walisema ana mwanamke Kadutu. Maman alivumilia mpaka akachoka, akamwuliza mbele yetu ni lini atarudi kwenye meza ya Bwana. Papa akajibu neno moja, "Bado." Padri mwenyewe alifika kwetu, wakaongea muda mrefu kibarazani. Alipoondoka alimwambia Maman kwamba kiapo cha kuokoa uhai wa mtu yeye hakioni kuwa kizuizi, na kwamba alikuwa amemweleza mumewe hivyo. Papa alipoambiwa alitikisa kichwa. "Padri anatibu muguu muzima," akasema. Nilitazama miguu yake yote miwili, nisielewe.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza, alining'arishia viatu vyangu kwa mikono yake. Nilivaa gauni jeupe la kuazima. Nilipotoka benchini kwenda mbele, alisimama kunipisha, akanigusa bega, akabaki. Nilikuwa nimengojea siku ile kwa muda mrefu, na nilipopokea hostia nililia kwa uchungu. Wamama walisema, tazameni mtoto anavyompenda Yesu. Lakini mimi nilikuwa nimekasirika na Yesu, kwa sababu nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu.

Ukapita mwaka, na mwingine. Papa alianza kusafiri hadi Walungu siku za soko, akipita vizuizi vya askari, jambo ambalo watu wenye akili walilikwepa. Alirudi viatu vimejaa tope, hana alichonunua. Maman alipomwuliza, alisema anamtafuta mtu. Kufika Luhwindja kwenyewe hakuweza, njia ilikuwa imefungwa na mapigano. Nilifikiri ameanza kuchanganyikiwa, na dhambi ndiyo iliyomla.

Kisha mchuuzi mmoja kutoka huko akaleta habari kwamba Bahati amefukiwa shimoni, yeye na wenzake. Papa alikaa kibarazani mchana kutwa ameshika tama. Jumamosi ile alipaka viatu vyake kama kawaida, lakini alipomaliza alivivaa palepale, akaniita. "Tuende." Hatukwenda mbali. Aliingia kilabuni, mbele ya macho ya mtaa mzima, mkono wangu ndani ya mkono wake.

Maman Neema, ambaye sasa aliendesha kilabu peke yake, alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alizima muziki. Papa hakukaa.

"Maman Neema," alisema, "bwana yako nilimuombea mabaya. Siku ile aliingia kwangu, nikawaza: Mungu amenisikia. Roho yangu ilifurahi. Kidogo tu, lakini ilifurahi. Nilitaka nimuombe yeye mwenyewe rusa, anisamehe. Nilimutafuta. Sasa hayuko, naomba kwako."

Nilimvuta mkono. Alikuwa amesahau kiapo! Alikuwa ametubu jambo dogo, tena kwa muuza pombe, na lile kubwa la moto wa milele hakulitaja kabisa.

Maman Neema alipangusa meza iliyokuwa kavu.

"Papa, ile mbao ya ukuta iko nyepesi," akasema. "Maombi yenu tulikuwa tunayasikia yote, hata jina yake. Bahati alikuwa anasikia. Siku ile nilimwambia akimbilie kwa kaka yangu. Akakataa. Akasema: naenda kwa Papa wa maombi. Yule hanipende, lakini anaogopa Mungu, hawezi kuniuza."

Papa alikaa. Nilikuwa sijamwona akilia, wala sikujua kwamba mtu mzima hulia kwa mabega. Maman Neema hakumbembeleza, wala hakusema amemsamehe. Alichota kasiksi, akamwekea glasi mbele yake. Papa, ambaye hakuwahi kugusa pombe tangu nizaliwe, aliishika kwa mikono miwili akainywa mpaka chini, akafuta midomo, akashukuru.

Kesho yake alitupisha benchini, akabaki amesimama. Kanisa zima lilikuwa limesharudi kukaa alipotoka kwenda kupokea komunyo, mtu wa mwisho kabisa, viatu vyake vikisikika kwenye sementi. Nilimtazama usoni aliporudi, nikitafuta ile furaha ya watakatifu wa kwenye picha. Haikuwepo. Alionekana mchovu. Mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, hakuongoza tena sala ya watu. Mezani alimshukuru Mungu kwa chakula, akamtaja Bahati, basi.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipokumbuka yale maharagwe yakidondoka, nikaelewa Papa alikuwa wapi katika ule muda mfupi. Uongo wake ulimwokoa mtu, na hakuujutia kamwe. Kilichomuuma ni kwamba kabla ya uongo ule alikuwa amepiga magoti miezi mizima, msafi, amefunga vifungo vyote, akimwomba Mungu amfanyie ubaya kwa niaba yake. Injili inamwambia mtu aache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza apatane na ndugu yake. Papa alikuwa karani, aliyafuata maagizo kama yalivyoandikwa. Aliacha sadaka yake pale miaka miwili, akaenda kumtafuta ndugu, akachelewa.

Ningependa kusema kwamba kisa kile kiliniponya. Hakikuniponya. Jirani yangu wa sasa amefungua kanisa la kukesha, lina vipaza sauti viwili vimeelekea dirisha langu. Jumamosi iliyopita nilikuwa na brashi mkononi, harufu ya cirage puani, watoto wamelala mapema kwa ajili ya misa. Wakaanza kuimba kule. Nikajikuta nimefumba macho, na maneno yamekwisha kunitoka: Bwana, waondoe. Niliyasema kwa sauti. Kisha nikakumbuka kwamba nyumba yangu nayo ni ya mbao.